Safari ya Kwanza Kwenda Cory Hall

Treni ilipozama chini ya Ghuba ya San Francisco, masikio yangu yaliziba. Wenyeji wangu walishangaa kwamba siku ya mapumziko naitumia kwenda kutazama jengo la chuo kule Berkeley badala ya daraja la Golden Gate. Lakini kazi yangu Dar es Salaam ni kuandika programu za Python zinazoanzisha programu nyingine: mchakato mzazi hupokea video, huzaa watoto wa kuzibana, huwasubiri, na anayechelewa mno humuua. Hakuna kazi ya kompyuta ninayoipenda kuliko hii.

Nilishuka Downtown Berkeley, nikapita chini ya mikaratusi yenye harufu ileile ya Lushoto, nikaupita mnara wa Campanile, nikapanda hadi Hearst Avenue.

Cory Hall halina urembo wa kumsimamisha mpita njia. Mimi nilisimama. Humo, katikati ya miaka ya 1960, mradi wa Genie uliigeuza kompyuta ya SDS 930 iweze kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja, na mfumo wake ukawa na fork, yaani uwezo wa mchakato kuzaa mwingine. Ken Thompson, aliyekuja kuianzisha Unix, alisoma chuoni hapo hadi 1966. Mwaka 1969, huko Murray Hill, New Jersey, mfumo endeshi huo ukaanza kujengwa kwenye kompyuta ya PDP-7, na fork ikaingia humo kwa mistari 27 tu ya asembli. Katika makala yao ya 1974 kuhusu Unix, Thompson na mwenzake Dennis Ritchie walitaja waziwazi kwamba Berkeley walikuwa nayo kabla yao.

Kwenye ngazi alikaa mwanafunzi wa somo la CS 162, anaandika sheli yake kwa C. Amri zake mbili zilizounganishwa kwa paipu zilikuwa zimeganda. Tuliinamia skrini pamoja. Mtoto wa kwanza alishamaliza, wa pili bado anangoja data, kwa sababu mzazi hajafunga ncha yake ya kuandikia: ncha hiyo ikiwa wazi, msomaji haoni mwisho kamwe. Alifunga, matokeo yakamwagika, akapiga kofi gotini.

Nikamweleza kuhusu vfork, iliyotoka chuoni kwake na 3BSD mwaka 1979. Kunakili kumbukumbu yote ya mzazi, kama fork ilivyofanya, kulikuwa ghali. Kwa vfork mtoto huiazima, na mzazi husimama mpaka mtoto aingie kwenye programu yake mpya kwa kuita exec. Tangu toleo la 3.10, Python huitumia kwenye Linux kuanzisha michakato, na seva zetu za Dar huifanyisha kazi usiku kucha.

“Mtoto akikwama kabla ya exec?” akauliza.

Mzazi hubaki amesimama, nikamjibu. Ndiyo maana katika nafasi ile fupi mtoto hatakiwi kufanya lolote zaidi ya kuita exec au kutoka.