Besi Inapotelea Wapi? Safari ya Picha ya Ndege

Ndugu msomaji, twende pamoja Picha ya Ndege. Hii ni kata ya mji wa Kibaha, katika Mkoa wa Pwani. Ukitoka Dar es Salaam unafuata Barabara ya Morogoro. Unapita Mbezi, Kibamba na Kiluvya. Unafika Maili Moja. Kutoka hapo si mbali tena. Njiani utaona miembe na mikorosho. Utaona pia mabanda ya kuku nyuma ya nyumba.

Jina la mahali hapa ni la kutazamwa kwa macho. Lakini leo hatukuja kutazama. Tumekuja kusikiliza.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mihogo, mikorosho na mifugo. Kwa nini basi niandike habari za gitaa? Nitakueleza.

Hapa kuna kikundi cha vijana wafugaji wa kuku. Jioni wanapiga muziki wa dansi. Wana magitaa matatu: la solo, la rithimu na la besi. Wakipiga, solo linasikika. Rithimu linasikika. Besi haisikiki vizuri. Wakaamua kutoa fedha zote za kuku ili wanunue mashine kubwa ya kukuza sauti. Fedha hizo ndizo za kununulia vifaranga na chakula chao. Kama mashine mpya isingeponya ugonjwa, wangekosa besi na kukosa kuku pia.

Nikawaambia, "Vijana wangu, mche ukinyauka hatukimbilii kununua dawa. Tunaangalia kwanza mzizi."

Tukamwita fundi wa redio. Tukaanza kazi.

BESI NI NGOMA KUBWA

Wazee wa Pwani walijua zamani kazi ya sauti nzito. Katika ngoma, ngoma kubwa ndiyo inayoiambia miguu ikanyage wapi. Ngoma ndogo zinapamba.

Bendi zetu hazikusahau jambo hili. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964. Mtindo wake ukaitwa Msondo. Msondo ni jina la ngoma ndefu ya Pwani. Mwaka 1978 ikaanzishwa Mlimani Park. Mtindo wake ukaitwa Sikinde. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa sehemu hizi. Mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo aliimba katika bendi zote mbili. Yeye alizaliwa mwaka 1940 Kisarawe, wilaya ya jirani, na alifariki mwaka 2014.

Katika bendi za namna hii gitaa la besi linashika kazi ya ngoma kubwa. Besi ikipotea, mchezaji anasimama tu. Hajui akanyage wapi.

Na tatizo la besi kutosikika si la Picha ya Ndege peke yake. Zamani wanamuziki wa Ulaya na Marekani walitumia besi kubwa ya mbao, ndefu kuliko mtu. Sauti yake ilimezwa na tarumbeta na ngoma. Mwaka 1951 fundi Leo Fender wa Marekani alianza kuuza gitaa la besi la umeme. Besi ya namna hiyo ndiyo iliyoenea duniani.

SAUTI HUPITA KAMA MAJI

Fikiri mfereji wa maji. Maji yanatoka mtoni, yanapita mferejini, yanafika shambani. Mfereji ukitoboka juu, maji hayafiki chini. Ukiongeza pampu, maji mengi zaidi yatamwagika pale pale.

Sauti ya besi nayo ina mfereji wake. Inaanzia kidoleni. Inakwenda kwenye uzi. Inapita katika gitaa, katika waya, katika mashine, na katika spika. Halafu inapita hewani mpaka sikioni. Sisi tulipita hatua kwa hatua. Wewe nawe tufuate.

Kidole. Mpigaji akigusa uzi kwa nguvu, sauti inakuwa kubwa. Lakini mahali anapogusa pana maana pia. Akipiga karibu na shingo ya gitaa, sauti inakuwa nene na laini. Akipiga karibu na kile chuma kinachoshika nyuzi mwishoni, sauti inakuwa kavu na kali. Kidole kinatoa sauti ya mviringo. Kipande cha plastiki kinatoa sauti yenye ncha. Jaribio hili halina gharama.

Nyuzi. Besi nyingi zina nyuzi 4 nene. Uzi mnene kabisa hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde 1. Mwembamba hutikisika mara 98 hivi. Nyuzi hizi zimezungushiwa waya mwembamba. Jasho na uchafu vikijaa ndani ya mizunguko, uzi unakufa. Sauti inakuwa butu, kama ngoma iliyolowa. Nyuzi za vijana wetu zilikuwa nyeusi kwa uchafu.

Dawa ni nyuzi mpya. Lakini wapigaji wana njia ya muda. Huzitoa nyuzi kwenye gitaa, huzichemsha katika maji kwa dakika 10 hivi, na huzikausha vizuri sana. Sauti hufufuka, ingawa kwa muda mfupi tu. Vijana walifanya hivyo katika sufuria. Ile sauti butu ikaondoka.

Sumaku. Chini ya nyuzi kuna kifaa chenye sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Wapigaji hukiita pikapu. Usifikiri ni lile gari la kubebea mihogo! Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa katika ule waya wa shaba. Umeme huo ndio sauti yako. Ndiyo maana uzi usio wa chuma hausikiki hapa.

Pikapu ikiwa mbali na nyuzi, sauti inakuwa ndogo. Ikiwa karibu, sauti inakuwa kubwa. Lakini ikikaribia mno, sumaku inauvuta uzi na sauti inaharibika. Pikapu ya vijana ilikuwa imezama chini. Fundi alikandamiza uzi mpaka mwisho wa shingo. Halafu akazungusha skrubu na kuiinua pikapu polepole. Akaacha nafasi ya milimita 3 hivi. Hatukutoa hata shilingi 1, na sauti ikaongezeka.

Betri. Baadhi ya magitaa ya besi yana betri ndani. Betri ikichoka, sauti inafifia na kukwaruza. Katika magitaa mengi ya namna hiyo, waya ukiachwa umechomekwa, betri inaendelea kutumika usiku kucha. Basi ukimaliza kupiga, chomoa waya.

Waya. Waya mrefu mno unapunguza sauti nyembamba. Waya uliolegea unakatakata sauti. Tumia waya mzuri, na usiwe mrefu kuliko unavyohitaji.

MASHINE KUBWA INAONGEZA KIASI GANI?

Hapa ndipo fedha za kuku zilipokuwa zinakwenda. Sikiliza kwa makini, ndugu msomaji.

Una mashine ya wati 50. Ukinunua ya wati 100, je, sauti itakuwa mara mbili? Hapana. Sikio litaona nyongeza kidogo tu. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji nguvu mara 10 hivi. Yaani kutoka wati 50 mpaka wati 500. Hesabu bei yake, halafu hesabu vifaranga.

Tena sikio la binadamu halisikii vizuri sauti nzito zikiwa ndogo. Ndiyo sababu besi inahitaji nguvu nyingi kuliko solo. Ukipunguza sauti ya bendi yote, besi ndiyo inayotoweka kwanza.

Spika. Besi husukuma hewa nyingi. Spika ndogo ya redio haiwezi kazi hiyo. Inataka spika pana, iliyofungwa vizuri katika sanduku imara.

Vijana wetu walikuwa na spika mbili pana. Fundi akazichomoa kwenye mashine. Akagusisha betri ndogo ya tochi kwenye nyaya za spika ya kwanza, mara moja tu. Karatasi ya spika ikaruka mbele. Akafanya vile vile kwa spika ya pili. Karatasi ikarudi nyuma.

"Bwana shamba, ugonjwa ni huu," akasema. "Spika moja inasukuma hewa, nyingine inavuta. Zinaumana. Sauti nzito inakufa katikati."

Waya wa spika moja ulikuwa umefungwa kinyume. Fundi akaugeuza. Mashine ile ile, gitaa lile lile, besi ikatoka mpaka tukaisikia kifuani.

Lakini angalia: fundi hakufungua mashine. Ndani ya mashine ya sauti umeme unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Umeme huo unaweza kuua. Mwachie fundi.

MAHALI UNAPOPIGIA

Sauti nzito ina mawimbi marefu. Wimbi la uzi mnene wa besi lina urefu wa mita 8 hivi hewani. Wimbi hilo likigonga ukuta linarudi. Ndiyo sababu ndani ya chumba besi inavimba mahali fulani na kupotea mahali pengine. Tembea chumbani wakati mwenzako anapiga. Utashangaa.

Vijana walikuwa wameweka spika juu ya meza, katikati ya uwanja. Hapo besi ilitawanyika pande zote. Tukaziweka chini, karibu na ukuta wa nyumba. Ukuta na ardhi vikairudisha sauti mbele kwa wasikilizaji. Ukiziweka kwenye kona, besi inaongezeka zaidi. Ikizidi na kuvuma, zisogeze kidogo.

Mwisho tukamwomba mpiga solo apunguze sauti yake. Hakupenda. Lakini mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza alimwambia, "Mjukuu wangu, wote wakipiga kelele shaurini, hakuna shauri." Akapunguza, na besi ikapata nafasi.

JIRANI NAYE ANA MASIKIO

Sauti nzito hupita kuta na kwenda mbali. Solo likinyamaza kwa jirani, besi bado inabisha hodi. Kwa jirani kuna mtoto mchanga, kuna mgonjwa, kuna mtu wa kuamka alfajiri. Kubaliana na majirani saa za kupiga.

Linda masikio yako pia. Ukilazimika kupaza sauti ili akusikie mtu aliye hatua moja kutoka kwako, kelele hiyo inaweza kudhuru masikio. Sikio lililokufa kwa kelele haliponi kama jani linavyochipua.

Vijana wa Picha ya Ndege hawajamaliza matatizo yote. Wakipiga katika uwanja mpana usio na kuta, mashine yao bado ni ndogo. Siku moja watahitaji kubwa zaidi. Lakini watainunua kwa faida ya kuku, si kwa fedha za vifaranga. Safari hii walinunua nyuzi mpya za besi. Fedha zilizobaki zilirudi bandani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Sauti ya besi inapita hatua zipi kabla ya kufika sikioni?
2. Hatua zipi unaweza kuzitengeneza bila fedha?
3. Katika kijiji chako, ni kitu gani watu wanataka kununua kabla ya kuangalia ubovu uko wapi?