Dawa Juu ya Dawa

“Mjukuu wangu, dawa yangu unaipiga dawa gani?”

Bibi aliniuliza hivyo nikiwa nimebeba bomba mgongoni, kando ya ua wake huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Aliuliza kwa Rukiga, na katika Rukiga, kama ilivyo katika Kiswahili, neno ni lilelile: omubazi, dawa, humtibu mgonjwa nyumbani na huua wadudu shambani. Nilicheka. Nikamweleza kwamba bombani hamna dawa, ila mbolea ya maji ya kupulizia majani. Kumbe nilikuwa nimesema nusu ya ukweli bila kujua.

Mti wenyewe ni omubirizi, ambao Waswahili wengine huuita mtugutu na wanasayansi huuita Vernonia amygdalina. Majani yake ni machungu mno. Bibi huyachemsha kwa ajili ya minyoo na maumivu ya tumbo, na majirani huja kuyaomba. Wala si binadamu peke yao wanaoujua uchungu huo. Katika milima ya Mahale, Tanzania, watafiti wamewaona sokwe walioonekana wagonjwa wakimenya vichipukizi vya mti huohuo na kutafuna sehemu laini ya ndani ili kufyonza maji yake machungu.

Miti ya bibi ilikuwa imedumaa, kwa kuwa ua wake uko mteremkoni na mvua imekuwa ikiuchukua udongo wa juu kila mwaka. Nami, kijana niliyerudi likizo kutoka chuo kikuu, niliona nimepata kazi ya kumfurahisha. Nikaenda kwenye duka la pembejeo, nikanunua chupa ya mbolea ya majani yenye naitrojeni nyingi, pamoja na pakiti ya mbolea hai, yaani mbolea yenye vijidudu vinavyosaidia mmea kupata chakula.

Kwa pakiti ile nilipoteza fedha bure. Ndani yake mlikuwa na bakteria aina ya rizobiamu, waliotayarishwa kwa ajili ya soya. Bakteria hao hukaa katika vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii ya kunde na kuipatia naitrojeni iliyomo hewani. Omubirizi si jamii ya kunde. Maandishi ya pakiti yalisema wazi kuwa ni ya soya. Mimi ndiye sikuyasoma vizuri.

Mbolea ya majani, kwa upande wake, ilifanya kazi. Jani lina ngozi ya nta na vitundu vya kupumulia, na virutubisho vilivyoyeyuka majini hupenya humo kidogo kidogo. Ndiyo maana nilipulizia asubuhi na mapema, kabla jua halijakausha matone na kuacha chumvi inayounguza jani. Baada ya wiki tatu majani yalikuwa mapana, laini, ya kijani kibichi kilichokolea. Nilimwita bibi aje aone.

Bibi alichuma jani moja, akalitafuna, akalitema. “Hii ni dodo,” akasema. Kwetu Uganda dodo ni mchicha. Halafu akainusa mikono yake, akaniuliza, “Lile bomba ulilipata wapi?”

Nilikuwa nimeliazima kwa jirani anayelima viazi. Kabale ni nchi ya viazi mviringo, na viazi vyetu hupigwa dawa ya ukungu mara kwa mara. Sikuwa nimelisafisha. Sikukumbuka hata kuuliza lilikuwa limebeba nini jana yake.

Siku ileile jioni mama mmoja alikuja kuomba majani kwa ajili ya mtoto wake aliyekuwa akiumwa na tumbo. Bibi alimtazama, akanitazama na mimi, kisha akamwambia leo hana dawa, ampeleke mtoto kituo cha afya. Miti sita yenye majani tele ilikuwa imesimama nyuma yake. Sijawahi kuona aibu kama ile. Ni kama wasemavyo: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana kuhusu kipimo cha bibi. Yeye hana mizani. Huhesabu majani saba. Majani hayo saba aliyajifunza kwa mama yake, kutokana na miti iliyokua katika udongo uleule wenye njaa. Mkulima wa kabichi akipata jani kubwa maradufu, amepata faida maradufu. Anayelima dawa hawezi kuhesabu hivyo. Mmea ukilishwa naitrojeni nyingi huweza kukua upesi huku vitu vyake vya uchungu vikipungua katika kila gramu ya jani. Wakati mwingine huwa kinyume: watafiti wa India walipochanja mizizi ya Artemisia annua kwa kuvu wa mikoriza, ambao huusaidia mmea kupata fosforasi, kiwango cha artemisinini kwenye majani kiliongezeka. Uchungu ukipungua au ukizidi, majani saba si dozi ileile tena.

Tulikata matawi yote tuliyoyapulizia, tukayazika mbali na shamba. Shinani niliweka mboji, nikawa namwagia maji niliyolowekea majani ya alizeti mwitu. Nilimwagia mizizini tu, wala si juu ya majani yatakayochemshwa. Machipukizi mapya hayakuwa ya kupigiwa picha, lakini bibi alipoyaonja alikunja uso, na mimi nikashusha pumzi.

Hata hivyo, uso wa bibi si maabara. Likizo ijayo nitakausha majani ya miti yenye mboji na ya miti isiyo nayo, niyapime kwa mizani, kisha niwaombe wenzangu wa kemia wanisaidie kujua kilichomo. Mpaka hapo, bibi ameamua kuchuma kutoka mti mmoja wa zamani ulio nyuma ya zizi, ambao sikuufikia na bomba langu.