Mashine ya Ku Buntu

Nilianza kutamani laptopu kwa sababu ya stensili. Aliyewahi kuzishika hahitaji maelezo. Ambaye hakuziona ajue zilikuwa karatasi laini za nta, unazitia kwenye taipureta iliyozimwa utepe, herufi zinachonga nta, kisha unazifunga kwenye mashine ya kudurufu na kuzungusha mkono wake kama mtu anayesaga. Ukikosea herufi unapaka dawa inayonuka kama rangi ya kucha, unasubiri ikauke, unapiga upya. Mtihani wa kurasa nne ulinila Jumapili nzima, na Jumatatu niliingia darasani na wino chini ya kucha.

Kisha taipureta ya shule ikavunjika herufi "a". Kiswahili bila "a" utakiandikaje? Tukaanza kupeleka mitihani steshenari huko Kibondo mjini, shilingi elfu moja kwa ukurasa. Muhula ule kidato cha tatu walifanya vizuri mno somo langu la Historia. Nikafurahi, nikajisifu kwa mwalimu mkuu, mpaka nilipofika karatasi ya kumi na kitu: mwanafunzi alikuwa amejibu swali ambalo mimi nililifuta dakika za mwisho, halikuwamo kabisa kwenye mtihani. Na jibu lake lilikuwa sahihi.

Hapo nikaamua kununua mashine yangu mwenyewe. Ilikuwa mwaka 2010.

Kijijini kwetu Kumsenga wakati ule, kama ilivyokuwa kwa vijiji vingi vya upande wetu vyenye majina yanayoanza na Ku, Kumwambu, Kumhasha na vingine, ukitaja umeme watu walielewa unasema betri. Hapakuwa na nguzo hata moja. Palikuwa na kibanda cha kuchajisha simu chenye jenereta iliyokohoa jioni nzima. Mimi nilikuwa na paneli ya jua ya wati 50, betri ya N50, na inveta ndogo niliyoipata kwa dereva wa lori. Vilinitosha taa mbili na redio. Sikujua kwamba hivyo vitu vitatu ndivyo vingeninunulia kompyuta.

Wa kwanza kunitia majaribuni alikuwa kijana wa shirika moja la misaada aliyekuwa akimaliza mkataba. Kambi za wakimbizi za kwetu, Nduta, Mtendeli na Kanembwa, zilikuwa zimefungwa, watu wamerudi Burundi, na mashirika yakawa yanafungasha. Meza, magodoro, viti, vyote vilikuwa vinauzwa. Yeye aliuza MacBook nyeupe, laini kama sahani ya kaure, kwa laki saba. Aliifungua mbele yangu ikawaka kimya kimya, bila kuguruma kama zile kompyuta za mezani nilizozizoea. Chaja yake ilishika kwa sumaku, ukijikwaa kwenye waya inaachia yenyewe na mashine haianguki. Siku tatu nililala nikiiwaza.

Nikaenda nayo kwa fundi wa Kibondo, nimeiazima kwa mwenyewe kwa ahadi ya kuirudisha kabla ya magharibi. Fundi akaigeuza, akatafuta skrubu, akazigusa, akaniambia, "Mwalimu, hii ikifa ukaniletea, nitakusaidia kuizika tu." Alicheka, lakini nilimwelewa. Ile chaja ya sumaku ikiungua, nyingine ingetoka wapi? Na programu je? Siku hizo programu kwetu ilikuwa kitu cha kuazimana, kama ungo au nyundo: unapiga hodi kwa mwenzako na flashi, unaondoka na unachotaka. Wilaya nzima sikumjua mtu mwingine mwenye Mac wa kumpigia hodi. Nikairudisha magharibi ile ile.

Upande wa Windows kulikuwa na watu hadi mlangoni. Kila aliyekuwa na kompyuta alikuwa nayo, karibu kila mmoja kaipata kwa nakala ya nakala, na hakuna aliyeona aibu. Ila kila aliyekuwa nayo alikuwa pia na virusi. Vilisafiri kwenye flashi. Unaichomeka, mashine inasoma faili dogo lililofichwa liitwalo autorun, na ukibofya kuifungua tu mgeni ameshaingia ndani na kuvua viatu. Ukifungua flashi unaona folda zako, kumbe si folda, ni programu iliyovaa sura ya folda. Zile zako halisi zimefichwa. Walimu walikuwa wanalia, matokeo ya muhula mzima yamepotea, nao hawajui kwamba yamo humo humo kwenye flashi, hayaonekani tu.

Njia ya tatu ilikuja kwa posta.

Nilipokuwa nasoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikuwa nimesikia habari za programu huria. Mwaka 2004 watu wa kompyuta wa chuo kile, wakishirikiana na Waswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu ambayo menyu zake zilisema Kiswahili. Baadaye Microsoft nao wakatoa kiraka cha kuifanya Windows izungumze lugha yetu. Tulibishana sana bwenini kuhusu maneno, wengine wakisema kipanya, wengine puku, na nikiri kwamba wengi wetu tuliobishana hatukuwa hata na kompyuta. Huko ndiko nilikosikia pia kwamba kuna tajiri wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, anayetoa mfumo endeshi uitwao Ubuntu, na ukijaza fomu kwenye mtandao anakutumia CD bila malipo, hata posta analipa yeye. Sikuamini. Nikiwa kwenye semina Kigoma mjini nilijaza ile fomu kwenye intaneti kafe, nikaweka sanduku la posta la shule, nikasahau.

Bahasha ikaja. Ndani CD mbili za toleo la Aprili 2009, moja ya Ubuntu, nyingine ya ndugu yake Kubuntu, na vibandiko vidogo vya kupachika kwenye kompyuta ambayo sikuwa nayo. Niliifungua nje ya ofisi, na seremala wa shule alikuwa pale akirekebisha madawati. Mzee huyu alizaliwa Ruyigi, ng'ambo ya mpaka, akaoa kwetu, na Kirundi chake hakijawahi kumtoka. Akaichukua ile ya Kubuntu, akaisoma kwa kuvuta silabi.

"Ku buntu," akasema. "Mwalimu, wamekupa bure?"

"Umejuaje, Mzee?"

"Si wameandika hapa? Ku buntu ni bure. Ukipewa kitu pasipo kulipa, kwetu tunasema ku buntu."

Nina hakika waliolipachika jina hilo walitaka tu kuongeza herufi K ya mazingira ya KDE. Lakini tangu siku ile Kumsenga nzima ilijua kwamba mwalimu wa Historia ametumiwa kompyuta ya bure kutoka ng'ambo, na ilinichukua wiki kuwaeleza kwamba nimetumiwa sahani mbili tu.

Likizo ya Juni nikaenda Dar es Salaam na laki saba mfukoni, sehemu akiba ya mshahara, sehemu mbuzi wa mama. Vumbi hadi Nyakanazi, kisha lami, siku mbili za basi. Ilikuwa Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Kariakoo kila duka lilikuwa na televisheni, na muuzaji alikujibu bei akiwa amekupa kisogo.

Nilikuwa nimeshajichagulia Dell ya mtumba kutoka Ulaya, mashine ya kazi, nzito, laki tano na nusu. Skrini kubwa, kibodi ya kupigia mtihani bila kubana vidole. Nikaigeuza, nikasoma maandishi ya chaja. Hapo ndipo paneli yangu ikaingia kwenye mazungumzo. Betri yangu ya N50, volti 12, ukizidisha unapata kama wati-saa 600, na fundi wa sola alishanionya nisiinyonye kupita nusu, itakufa mapema. Inveta nayo inakula chake. Paneli ya wati 50 kwa jua zuri ilinirudishia labda wati-saa 200 kwa siku, na kwetu mvua zikianza Oktoba jua zuri ni la kuombea. Mashine ile ingekula wati-saa 40 au zaidi kila saa. Maana yake saa nne za kazi, kisha giza, bila taa, bila redio. Mama asingekubali kukosa redio.

Pembeni ya kabati palikuwa na kadogo, Acer Aspire One, skrini ya inchi kumi. Kipya, laki sita na nusu. Hako kalihitaji kama robo ya umeme wa Dell. Nikasimama pale nikigawanya na kuzidisha kwenye simu huku watu wanashangilia goli, na muuzaji akadhani nimepungukiwa nauli. Nilichukua kadogo. Ilikuja na Windows 7 Starter, toleo la bei ya chini kiasi kwamba hukuruhusiwa hata kubadili picha ya nyuma ya skrini. Nilipofika kwenye gesti ndipo nilipotambua jambo la pili: haikuwa na mahali pa kuingizia CD. Sahani zangu mbili za bure zilikuwa hazina mlango.

Kumsenga ofisini kulikuwa na kompyuta ya mezani iliyobaki kutoka kwa shirika mojawapo. Ilikuwa na mlango wa CD. Jumamosi moja tukawasha jenereta ya shule kwa petroli yangu, nikaiwasha ile kompyuta kutoka kwenye CD, na humo humo mlikuwa na kiprogramu cha kuhamishia mfumo kwenye flashi. Kutoka kwenye flashi nikauingiza kwenye kadogo, nikauweka ubavuni mwa Windows bila kuifuta. Ikawa kama nyumba ya wake wawili: kila ukiwasha, unapewa sekunde kumi za kuchagua mlango.

Usiku wa kwanza nilikusanya familia. Nikafungua kwaya iliyokuwa kwenye flashi, upande wa Ubuntu. Mashine ikanijibu kwa adabu kwamba ili ipige MP3 inahitaji kwanza kupakua kitu kutoka kwenye intaneti. Mama akasubiri. Akauliza, "Mwanangu, imekuja bila mdomo?" Ndivyo ilivyokuwa. Ghala la ule mfumo lilikuwa mtandaoni, na mtandao kwetu ulikuwa ule wa kusimama juu ya kichuguu ukiinua simu. Nikazima, nikaingia mlango wa Windows, kwaya ikaimba. Bure ile ilikuwa bure kweli, lakini ilitengenezwa kwa mtu ambaye tayari ana waya ukutani.

Hata kazi haikwenda sawa mwanzoni. Niliandika mtihani wa kidato cha kwanza kwenye OpenOffice, na ramani ya Afrika yenye herufi A hadi F za kutaja mito. Steshenari wakaufungua kwenye Word yao ya zamani, visanduku vya herufi vikahama, wakauchapa hivyo hivyo. Herufi ya mto Nile ikatua kwenye Bahari ya Atlantiki. Mtoto mmoja akaandika, "Mwalimu, hapa ni majini." Nilimpa alama. Baada ya hapo nilitoa kila kitu kwa PDF, OpenOffice ilikuwa na kitufe chake pale juu, na nikasimama nyuma ya kijana wa steshenari mpaka karatasi ya mwisho itoke na flashi irudi mkononi mwangu.

Lakini upande ule wa Ubuntu ndio ulionipa jina. Virusi vya flashi viliandikwa kwa ajili ya Windows, huku havikuwa na miguu. Na vilivyofichwa, Ubuntu ilivionyesha vyote peupe: folda halisi za mwalimu, vile vinyago vya folda, na lile faili la autorun. Nilifuta vinyago, nikabaki na mali ya watu. Nilimfanyia mwalimu wa Hesabu, akamwambia mwenzake wa shule ya msingi, akamwambia katibu wa kijiji. Jumapili baada ya ibada wakaanza kuja na flashi zimening'inia shingoni. Sikutoza. Waliniachia mayai, debe la maharage, siku moja chupa ya asali. Mwalimu mkuu alikuja usiku, na tochi, na flashi nne. Hakutaka watu wajue kwamba ya shule nayo ilikuwa inaumwa.

Mitihani na flashi vikabaki upande mmoja, muziki na majedwali ya Excel upande wa pili. Watu wakiniuliza, "Mwalimu, ipi bora?" niliwauliza wao kwanza jirani zao wana ipi.

Zile CD mwaka 2011 ziliacha kutumwa, na kadogo betri yake ikafa baadaye, ikawa ya kuchomekwa muda wote, kisha haikuwaka tena. Ile sahani ya Kubuntu mama aliiomba mapema kabisa. Aliifunga kwa uzi wa mkonge kwenye mti katikati ya shamba la ulezi, ikawa inazunguka na kumulika chiriku. Mvua ilifuta jina, upande wa kung'aa ukabaki. Msimu wa tatu seremala alipita njiani, akainyooshea fimbo yake.

"Mwalimu," akaniita, "ile ya bure bado inafanya kazi."