Jumamosi za Kilifi

Muhula wa kubadilishana wanafunzi ni mfupi. Sisi tuliotoka Unguja kuja kusoma Kilifi tuna posho ndogo, na wazazi wetu wangependa tushike vitabu tu. Hata hivyo, kila Jumamosi twapanda matatu.

Kwanza tulivuka daraja hadi Mnarani, penye magofu ya misikiti juu ya jabali litazamalo mkono wa bahari. Kisha Gede, mji ulio ndani ya msitu, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Humo mna kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Katika msikiti mkuu twaliona birika la udhu, na kisima kando yake. Mwenzetu wa bara, Mkristo, aliuliza tao lile la ukutani ni la nini. Tulimwonyesha kibla. Akauliza tena: walioswali hapa walikwenda wapi? Wataalamu hutaja vita, na visima vilivyokauka. Tulimweleza hayo, naye hakuridhika. Wala sisi.

Malindi, watu hukimbilia nguzo ya Vasco da Gama. Twaona imesifiwa kupita haki yake: twiga wa Malindi alifika Uchina mwaka 1415, miaka 83 kabla ya Mreno huyo kutia nanga. Tulikaa zaidi kwenye makaburi ya nguzo, karibu na Msikiti wa Juma, hata Alasiri ikaadhiniwa.

Limebaki Jumba la Mtwana, kule Mtwapa, na Jumamosi mbili kabla ya mitihani.