Taa za Musoma, Kuni za Bunda na Samadi ya Butiama

Mtu afikaye Musoma usiku wa giza, akateremka hadi penye mawe makubwa yaliyo kando ya ziwa, huweza kudhani kwamba mbele yake majini kuna mji mwingine. Taa zimetapakaa tangu upande wa Makoko hadi pale macho yanapochoka, nyingine nyeupe, nyingine za manjano, zote zikipanda na kushuka taratibu pamoja na mawimbi. Hakuna mji wowote. Hao ni wavuvi wa dagaa wako kazini, na kila taa unayoiona, ndugu msomaji, imekwisha kugharimiwa na mtu kabla hajajua kama atapata kitoweo au atarudi na nyavu tupu.

Nilikwenda Mara kwa siku chache nikiwa na swali moja. Huku mijini tunasikia sana habari za nishati jadidifu, yaani ile isiyokwisha: jua, upepo, maji, na gesi itokanayo na samadi. Tunaambiwa, na ni kweli, kwamba itatunza misitu, itapunguza fedha zinazokwenda ng'ambo kununua mafuta, na itawapa vijana kazi. Nilitaka kuona habari hizo njema zinamfikiaje mtu ambaye chakula chake cha kesho kinategemea moto au mwanga wa leo.

Alfajiri nilikuwa mwaloni Mwigobero. Mitumbwi ilikuwa ikiingia mmoja mmoja, na akina mama wamekwisha kujipanga na ndoo na masufuria. Mzee mmoja, aliyeacha kuvua kwa sababu ya mgongo lakini hakuweza kuacha kuja mwaloni, alinieleza kazi yenyewe. Dagaa hufuata mwanga. Taa huwekwa juu ya chelezo cha mbao na kuachwa ielee; vijidudu vya majini hukusanyika penye nuru, dagaa huvifuata vijidudu, na watu huja taratibu kuzungusha wavu. Ndiyo maana mbalamwezi ikiwaka wavuvi hukaa nyumbani, kwa kuwa ziwa zima lina taa ya Mungu na dagaa hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja.

Kwa miongo mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Wasomaji wa umri wangu wanaijua vizuri, kwa sababu ndiyo iliyotuangazia kwenye harusi na misiba. Hupigwa pampu, hunguruma, hung'aa, na hunywa mafuta. Karabai moja huweza kumaliza lita moja au zaidi kwa usiku mmoja, na mtumbwi mmoja huenda na taa kadhaa. Tone la maji baridi likirukia kioo chenye moto, kioo hupasuka. Wimbi likipindua chelezo, taa huzama na mafuta yake humwagika palepale watu wanapochota maji ya kunywa.

"Mafuta hula kwanza, mwanangu," aliniambia mzee yule. "Sisi tunakula mwisho."

Maana yake ni hii. Mwenye mtumbwi ndiye anunuaye mafuta. Asubuhi dagaa wakishauzwa, bei ya mafuta hutolewa kabla ya kitu kingine chochote, kisha kilichobaki hugawanywa kati ya tajiri na wavuvi wake. Usiku ukiwa mbaya hakuna kinachobaki, na deni huhamia usiku unaofuata. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, yaani tabia ya wafanyabiashara kuyachanganya na dizeli. Lengo lilikuwa zuri, kwani injini nyingi zilikuwa zikiharibika barabarani. Lakini mzigo mmojawapo uliangukia huku ziwani, kwa watu wasio na hata baiskeli.

Zile taa nyeupe nilizoziona usiku ni za namna mpya. Ni balbu ndogo zitumiazo umeme kidogo mno, zinazopata nguvu kutoka kwenye betri, na betri huchajiwa mchana kwa paneli ya jua. Haziogopi mnyunyizo wa maji, wala hazina kioo cha kupasuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 watafiti walizijaribu pamoja na wavuvi katika Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, na ikaonekana kwamba taa za namna hii zaweza kushika nafasi ya karabai. Dagaa hawana mapenzi na mafuta ya taa. Wanachotaka ni mwanga.

Kwa nini basi bado kuna taa za manjano ziwani? Niliuliza swali hilo kwa watu wengi, na jibu lilikuwa moja kwa maneno tofauti. Mafuta ya taa huuzwa kwa kibaba: ukiwa na fedha kidogo unanunua kidogo, na usipokuwa nazo unakopa chupa. Jua ni bure, lakini chombo cha kulikamata huuzwa kwa jumla. Paneli, betri na taa vyote hutakiwa kulipiwa kwa mkupuo, tena na mtu ambaye hajawahi kuwa na fedha za mkupuo. Kwa hesabu ya mwaka mzima maskini analipa zaidi. Kwa hesabu ya leo hana njia nyingine.

Ng'ambo ya Kenya, pale Mbita, kampuni ya Osram ilifungua mwaka 2008 kituo cha kuchajia taa za wavuvi kwa nguvu ya jua. Mvuvi aliacha dhamana, akachukua taa iliyojaa, akairudisha na kulipia kuijaza tena. Mpango huo ulikuwa na akili, kwa kuwa ulijaribu kuugeuza ule mkupuo kuwa kibaba. Hata hivyo dhamana nayo ni fedha ya kutangulizwa, na kwa mvuvi hilo ndilo jiwe lile lile katika njia ile ile.

Kuna jambo la pili, na hili nalisema kwa uchungu wangu mwenyewe. Miaka iliyopita nilinunua paneli na betri katika duka moja, mbali na Mara, kwa ajili ya nyumba ya mama yangu kijijini. Muuzaji aliisifu mpaka nikaona haya kuuliza maswali. Msimu wa mvua wa pili haukwisha kabla ya betri kufa, na mama akarudia kibatari chake bila kunilaumu, jambo lililoniumiza zaidi. Tangu siku ile jirani zake wote walikataa sola. Bidhaa moja mbovu huwatia hofu watu wa kijiji kizima, na hapo mwalo una kumbukumbu ndefu kuliko kijiji.

Kabla sijaondoka Mwigobero nilisimama kwa akina mama waanikao dagaa. Hawa wametumia nishati ya jua tangu zamani bila kuiita jina lolote. Jua likiwa kali, dagaa hukauka kwa siku moja na kusafirishwa mbali. Mvua ikinyesha, huoza, na waliopona kidogo huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Wengine sasa huanika juu ya vichanja vya mbao na nyavu badala ya mchangani. Upepo hupita chini, dagaa hawana mchanga, na bei ni nzuri. Kichanja hakihitaji fundi wala betri, nami nashangaa kwamba hakizungumzwi sana katika semina za nishati.

Kutoka Musoma nilipanda basi kwenda Bunda. Huko ziwa hubaki pembeni na mtu huingia katika nchi ya pamba, na upande wa mashariki si mbali na mbuga ya Serengeti. Taabu ya hapa haitokani na mwanga. Inatokana na moto wa kupikia. Barabarani nilihesabu magunia ya mkaa mpaka nikaacha kuhesabu. Katika vijiji vilivyo karibu na hifadhi mama aendaye kutafuta kuni huweza kukutana na tembo, na tembo wa Bunda si wa hadithi, kwani mashamba yao waliyokanyaga yanajulikana.

Sasa tazama jambo hili. Baada ya mavuno, mkulima wa pamba hutakiwa kwa mujibu wa kanuni kung'oa miti ya pamba shambani na kuichoma moto, ili wadudu waharibifu wasipate makao ya kungojea msimu ujao. Kanuni hiyo ni ya haki, na asiyeifuata huwadhuru majirani. Kwa hiyo kila mwaka katika nchi hii ya pamba moto mkubwa huwashwa mashambani, nao haupiki hata chungu kimoja, wakati huohuo wenye mashamba wananunua mkaa.

Njia ya kuutumia moto huo inajulikana, wala si ngumu. Miti ya pamba iliyokauka huchomwa ndani ya pipa lenye hewa kidogo hadi iwe mkaa, mkaa husagwa, unga wake huchanganywa na uji mzito wa muhogo, kisha hufinyangwa au kushindiliwa katika vipande na kuanikwa. Mdudu hufa na chungu huiva. Nilipomweleza hayo mama mmoja sokoni Bunda, alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na huo muhogo wa kugandishia, ndugu mwandishi, unataka niutoe kwenye ugali wa nani?" Watu waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi. Unga unaotakiwa ni kidogo, tena maganda na chenga huweza kusaidia. Lakini katika mwezi wa njaa kidogo ni kingi. Kazi hii haiwezi kuwa ya mama mmoja jikoni kwake. Inataka kikundi chenye pipa na mashine ya kushindilia, na soko la uhakika mjini ambako mtu hununua mkaa kila siku.

Kutoka Bunda nilirudi kwa barabara ya Musoma, nikapita Kiabakari, na penye Makutano nikachukua gari dogo kwenda Butiama.

Hapa hakuna Mtanzania asiyepajua kwa jina. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa hapa mwaka 1922, akarudi kulima baada ya kung'atuka urais mwaka 1985, na akazikwa hapa Mwitongo mwezi Oktoba 1999. Jina lake sasa limo katika bwawa kubwa la umeme la Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kazi Februari 2024. Umeme huo ni jambo la kushukuru. Lakini waya haufiki katikati ya ziwa, na hata nyumba yenye waya mara nyingi hupikia kuni.

Nikiwa Butiama niliikumbuka miaka ile ya 1970. Kati ya mwaka 1973 na mwanzo wa 1974 bei ya pipa la mafuta duniani ilipanda karibu mara nne, na Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana Musoma kupitisha azimio la elimu ya msingi kwa wote. Nchi ilitaka kujenga shule nyingi katika mwaka ambao mafuta yalikuwa yakila fedha zake zote. Wazee watakumbuka pia tulivyozuiwa kuendesha magari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana. Katika shida hiyo ndipo SIDO, mwaka 1975, ilipoanza kujenga mitambo ya gesi ya samadi nchini. CAMARTEC ya Arusha ikaendeleza kazi hiyo miaka ya 1980 kwa mtambo wa kuba uliojengwa chini ya ardhi, na mwaka 2009 ukaanza mpango wa taifa wa mitambo ya majumbani.

Samadi huchanganywa na maji kwa kipimo sawa, hutiwa shimoni pasipo hewa, na vijidudu huigeuza kuwa gesi ya kupikia. Masalia yake ni mbolea nzuri kuliko samadi mbichi. Mtu akitazama ng'ombe wa Mara, hujiuliza kwa nini mkoa huu haujajaa mitambo hiyo. Mfugaji mmoja wa Butiama alinijibu kwa kunyosha kidole kuelekea malishoni. Ng'ombe wake hutembea mchana kutwa, na samadi yao hubaki huko waendako. Kinachopatikana zizini ni cha usiku tu. Na maji je? Mwezi wa kiangazi binti yake huyafuata mbali. Atayabeba ya kunywa au ya kuchanganyia samadi? Gesi hii ilistawi mapema Arusha na Kilimanjaro kwa sababu huko ng'ombe wengi hulishwa bandani. Anayetaka kuileta Mara lazima kwanza alete maji na banda, na hizo ni fedha za mkupuo kwa mara nyingine.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa maoni yangu lengo hilo litapimwa kwa jambo dogo sana: kama mama wa Bunda na mvuvi wa Mwigobero wataweza kulipia chombo kwa vibaba vilevile wanavyolipia mafuta na mkaa leo, na kikiharibika wajue wa kumrudia.

Usiku wa mwisho nilirudi ufukoni Musoma. Mzee wangu wa mwaloni alikuwepo, naye akanionyesha taa moja nyeupe iliyokuwa peke yake. Alisema ni ya vijana sita waliochanga kidogo kidogo tangu msimu uliopita na kununua seti moja kwa pamoja. Wamebakiza michango miwili. Nilimwuliza kama watamaliza. Akatazama mbinguni, ambako mwezi mwembamba ulikuwa umekwisha kuonekana, akasema wana usiku kama saba hivi kabla mbalamwezi haijawarudisha nyumbani.