Gereza la Kilwa Lilivyosimama Tena

Nilivuka kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani kwa mashua nikiwa mwanafunzi, wakati Gereza, ngome kongwe ya kisiwani, lilipokuwa likiliwa na bahari. Ukuta wa upande wa maji ulikuwa umebomoka, mawe yake ya matumbawe yakipigwa na mawimbi ufukweni. Juu, miti ilikuwa imeota kwenye nyufa na mizizi yake ikizidi kuzipanua. Mwalimu alitueleza habari za Wareno waliojenga ngome hapo mwaka 1505, na za Waomani walioijenga upya baadaye. Mimi nilikuwa nikiutazama ule ukuta, nikiuhofia. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Na hofu haikuwa yangu peke yangu: mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Niliporudi nikiwa mtu mzima nilikuta jukwaa la miti limeegemezwa ukutani, na juu yake vijana wa kisiwani wakifanya kazi ya uashi. Saruji sikuiona. Walitumia chokaa ya kienyeji: matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa hadi yakawa meupe, yakamwagiwa maji, kisha chokaa ikachanganywa na mchanga. Nilimuuliza fundi mmoja mzee kwa nini wanajisumbua hivyo.

“Saruji ni ngumu kuliko jiwe letu, mwanangu,” akasema. “Inafungia maji na chumvi ndani, jiwe linaoza. Chokaa inaliacha lipumue.”

Maneno hayo yalinigusa kuliko ukuta wenyewe. Kwa chokaa na matumbawe ndivyo wahenga wa Kilwa walivyojenga Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, karne kadhaa kabla ya Mreno kutia nanga. Sasa ujuzi ule uko tena mikononi mwa vijana wa Kilwa. Ufukweni nako ilipandwa mikoko ili ipunguze nguvu ya mawimbi, kwani ukuta peke yake haushindani na bahari.

Mwaka 2014 Kilwa iliondolewa katika orodha ya hatari. Wapo wanaolalamika kwamba sehemu zilizokarabatiwa ni nyeupe mno, zinaharibu sura ya gofu. Sikubaliani nao. Weupe utafifia kwa mvua chache za masika, na afadhali mgeni aone wazi mahali fundi wa leo alipoanzia.

Linalonitia wasiwasi ni jingine. Mvua hulamba chokaa kila mwaka, na fedha za ukarabati huja kwa vipindi. Wale vijana wanastahili ajira ya kudumu hapo hapo kisiwani, kabla hawajahamia Dar es Salaam kujenga kwa saruji.