Saa Kumi na Nne

Kabla sijaondoka Mombasa kwenda New York kusomea shahada ya uzamili ya jiografia, Nyanya aliniuliza swali moja: "Huko ni mbali kama wapi?"

Nilimjibu kwa namba. Kutoka Nairobi, ambako ningepandia ndege, ni takriban kilomita 11,800. Namba haikumwingia. Nikachukua chungwa kwenye sinia na uzi aliokuwa akishonea kofia, nikaunyoosha juu ya ganda. Nikamwonyesha kwamba njia hii, ambayo kwenye ramani ya ukutani huonekana imepinda kuelekea kaskazini, juu ya tufe ndiyo fupi kuliko zote. Ni zaidi kidogo ya robo ya mzunguko wa dunia, ambao wote ni kilomita 40,000 hivi.

"Sijakuuliza chungwa," akasema. "Nauliza, nikikuita, utafika lini?"

Basi nikamwambia saa. Tangu Oktoba 2018 Kenya Airways wana ndege ya moja kwa moja: kwenda New York ni kama saa 15, kurudi kama saa 14. Akataka kujua hiyo saa moja inapotelea wapi. Nikamweleza kwamba juu sana angani, upande wa kaskazini wa safari, kuna upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayokuja kwetu husukumwa. Inayokwenda hupambana nao. Hapo hakuhitaji chungwa. Babu alikuwa baharia wa majahazi, na Nyanya alijua kaskazi ndiyo huleta vyombo kutoka Uarabuni, kusi huvirudisha.

"Kumbe kurudi una upepo wako," akasema, akaridhika.

Alifariki Januari, saa 11 alfajiri. New York ilikuwa saa 3 usiku wa jana yake, nami nilikuwa maktaba. Ami aliponipigia aliniambia atazikwa baada ya swala ya alasiri. Kwetu maiti hacheleweshwi.

Nikafanya hesabu, maana ndiyo kazi niliyoijia. Alfajiri hadi alasiri ni kama saa 11. Ndege ni saa 14, na bado kuna Nairobi hadi Mombasa. Hata kama simu ingenikuta nimeshafunga mkanda kitini, ndege iko mwanzo wa njia yake ya kurukia, nisingeliwahi jeneza. Nilirudia hesabu mara tatu nikitafuta kosa. Sikulipata.

Saa 2 asubuhi, huko kwangu, nilikaa kitandani na simu sikioni. Binamu yangu alikuwa ameshika yake dirishani wakati jeneza linatoka. Nilisikia miguu mingi, kisha tahalili ikififia kuelekea msikitini.

Nilifika siku ya tatu, siku ya hitima. Barazani, kofia aliyokuwa akiishona ilikuwa bado ndani ya sinia, sindano imechomekwa ukingoni. Shangazi aliniletea maji, akaketi karibu yangu.

"Njiani mmekaa sana?"

"Saa kumi na nne," nikasema. "Upepo ulikuwa wetu."